Glasi Moja kwa Mjomba Anzor

Jamani, mpaka leo nikifungua ile video kwenye simu, mwili unanisisimka!

Kila Agosti mimi, dada yangu Tekle na baba tunatembea siku nne milimani, mabegi mgongoni. Usiku wa kwanza tunalala kwa Mjomba Anzor. Mwaka jana tulipanga kuondoka alfajiri. Mjomba akaziba mlango, glasi ya mvinyo mkononi.

"Shemeji, unaondoka bila kuwanywea marehemu wetu, waliotutangulia?"

"Moja tu," baba akasema.

Moja ikazaa ya wazazi, ya watoto, ya wageni. Tukafika mtoni saa tisa mchana.

Maji meupe kama maziwa. Huoni chini. Unasikia mawe tu yanagongana, gu! gu!

"Baba, turudi," Tekle akasema.

"Turudi? Mjomba wako atanicheka mpaka Krismasi! Nimevuka hapa wewe hujazaliwa."

Akavua viatu. Akakaza mikanda ya begi, kiunoni na kifuani. Akaingia. Hatua moja, mbili, tatu. Ya nne sikuiona! Niliona begi tu linaelea. Baba yuko chini yake, uso ndani ya maji!

Mimi nimeganda. Simu mkononi, inarekodi!

"Fungua mkanda! Mkanda!"

Alikuwa Mama Mzevinar, mfuga farasi wa pale. Alishaingia majini na farasi wake, upande mto unakoelekea. Akainama, akalidaka begi, akamburuta baba hadi ukingoni. Baba akatapika maji. Midomo ilikuwa ya bluu.

"Avto, una akili wewe?" Mama Mzevinar akamfokea baba. "Mto huu unatoka kwenye barafu. Jua likipanda, barafu inayeyuka, mto unajaa. Alfajiri ndiyo unapungua. Na ukisikia mawe yanagongana, huvuki!"

"Nilikaza begi lisiyumbe," baba akasema, meno yanagongana.

"Likakuzamisha! Mikanda unafungua kabla ya kuingia. Ukianguka, unalitupa. Viatu unavaa. Na unapita pale juu mto unapotanuka, si hapa pembamba."

Baba, mbishi yule, akasema, "Sawa, mama"! Hapo ndipo nikaogopa kabisa.

Tukalala kwa Mama Mzevinar. Alfajiri tukarudi mtoni. Sikuamini macho yangu! Jiwe kubwa lililozama jana lilikuwa kavu. Tukapanda mpaka panapotanuka. Viatu miguuni, mikanda wazi, tumeshikana mabega. Maji yakaishia magotini.

Mwaka huu, saa kumi na moja alfajiri, Mjomba Anzor kaziba mlango tena.

"Shemeji, waliotutangulia!"

Baba akapokea glasi. Tekle akanifinya. Baba akatoa kichupa mfukoni, akaimimina yote humo, akafunga kifuniko.

"Nitawanywea ng'ambo ya mto," akasema. "Nikiwanywea hapa, nitawafuata."

Mjomba akamtazama. Kisha akajitoa mlangoni.