Siku Nne za Nukta Nundu

—Hashimu mdogo wangu, hizi nukta nizichape au nizisukume?

Batholomeo, fundi wa mtambo wa uchapaji, alikuwa anapiga kelele kwenye simu ili ashinde ngurumo za mashine. Hashimu, msanifu wa maboksi, alikuwa ofisini kwake Makole, Dodoma, kachumba kenye kompyuta mbili na feni inayozunguka ikijisikia.

—Kusukuma itachukua muda gani, kaka?

—Kuchapa ni wino tu, kesho unabeba mzigo. Kusukuma, unitenganishie nukta kwenye leya yake, yaani tabaka lake peke yake la mchoro, niagize chapa ya chuma Dar, ndipo niziinue juu ya karatasi. Siku nne.

Hashimu alitazama kalenda. Ilikuwa Alhamisi. Uzinduzi wa boksi la zabibu ulikuwa Jumamosi, mgeni rasmi kashathibitisha, na yeye mwenyewe alishaposti mchoro wa boksi mtandaoni: “Kwa ajili ya Ikram wangu. Boksi la kwanza analoweza kulisoma.” Watu mia sita walikuwa wamempongeza. Wengine walilia kabisa, au ndivyo walivyoandika.

Ikram alikuwa mchumba wake, mwalimu wa watoto wasioona, na yeye mwenyewe haoni tangu surua ilipompitia akiwa na miaka minne. Akina mama wa kikundi cha Mkonze walipotaka boksi la zabibu zao kavu, yeye ndiye aliyewaomba liwekwe nukta nundu, yale maandishi ya vinundu yanayosomwa kwa vidole. Maneno akayatunga mwenyewe. Hashimu akapakua fonti yake, akayaandika, programu ikayageuza nukta, akazipaka rangi ya dhahabu. Kazi ya nusu saa.

Msije mkadhani hakujua tofauti. Aliijua vizuri sana.

—Chapa tu, kaka. Dhahabu ikolee, zionekane.

—Zionekane? Batholomeo alipunguza sauti. —Haya. Kazi ni yako.

Jioni ile Hashimu akatuma ujumbe: “Mpenzi, boksi liko mtamboni. Nukta zako zimekaa kama shanga.”

Simu ya Ikram humsomea ujumbe kwa sauti. Hakujibu kwa kuandika, alipiga.

—Hashi! Nitaligusa lini?

—Jumamosi hiyohiyo, pamoja na watu wote.

—Unanitesa. Unajua leo asubuhi nimeweka chumvi kwenye chai? Makopo ya shangazi yote sawa. Kila siku mimi ni kuita watu: njoo, hiki nini, na hiki nini. Walau zabibu nitazijua mwenyewe.

—Utazijua, mpenzi.

Na ulimi wake haukukwama hata kidogo.

Jumamosi asubuhi uwanja wa Mkonze ulijaa. Hashimu alikuwa na mpango wake: sherehe ipite, picha zipigwe, halafu amletee Ikram boksi moja atakalolitengeneza pembeni. Boksi moja, la mchumba. Nani mwingine angegusa? Haraka haraka haina baraka, lakini mwenye haraka hasikii.

Mama Emiliana, mwenyekiti wa kikundi, akashika kipaza sauti.

—Jamani, hili ndilo boksi letu, asiyeona anajisomea mwenyewe! Mwalimu Ikram, njoo mwanangu utusomee!

Halikuwa kwenye ratiba hilo. Hashimu alisimama kama kapigwa shoti.

—Mama, muda umebana, labda baadaye...

—Baadaye ipi? Mgeni rasmi si ndiye huyu! Njoo mwanangu.

Ikram akainuka na fimbo yake nyeupe, anatabasamu mpaka jino la mwisho. Akapewa boksi. Vidole vikapita juu yake. Vikasimama. Vikarudi. Akaligeuza, akapapasa ubavuni, chini, kwenye kifuniko. Karatasi ilikuwa laini kotekote.

Hashimu aliomba ardhi impasukie.

Ikram akainua kidevu.

—“Zabibu kavu za Dodoma,” alisema kwa sauti ya darasani, kidole kikitembea polepole. —“Zimekaushwa kwa jua na akina mama wa Mkonze. Karibu, na wewe ni mteja wetu.”

Vigelegele! Mgeni rasmi alisimama kupiga makofi. Ni Hashimu peke yake aliyeona kuwa kidole kile kilikuwa kinatembea juu ya picha ya zabibu.

Alimkuta nyuma ya turubai, boksi bado mkononi.

—Ikram, nisikilize...

—Ni wino?

—Ni wino. Muda ulikuwa mfupi. Kuzisukuma kungechukua siku nne.

—Siku nne, Hashimu! Ungeniambia, ningewapigia magoti akina mama wasubiri. Mimi nimesubiri maisha yangu yote kukuta neno moja kwenye boksi la dukani.

—Nilitaka kukufurahisha.

—Ulitaka waone unanifurahisha. Ni vitu viwili. Akaligonga boksi kwa kidole. —Nimedanganya mbele ya umati, mimi mwalimu. Jumatatu wanafunzi wangu wataniletea boksi hili, waniambie, mwalimu mbona sisi hatuoni kitu? Nitawajibu nini?

—Mbona umenisitiri basi?

—Kwa sababu nakupenda. Akayafuta machozi kwa ncha ya mtandio. —Ila nimejiuliza palepale, nikiwa nimeshika hiki kikaratasi. Nyumbani kwako nitashika vingapi, uniambie vipo, na havipo? Nitajuaje?

Hashimu alinyoosha mkono alichukue boksi, Ikram akalivuta kwake.

—Wazee wako wasiende kwetu Kondoa kupeleka posa, alisema Ikram. —Nitamwambia baba mwenyewe.

Siku ya tatu Mzee Athuman, babake Ikram, alipiga simu kutoka Kondoa.

—Shikamoo baba.

—Marahaba. Kijana, binti yangu kasema posa isije. Nimemuuliza umemkosea nini, kakataa kusema. Na wewe usinieleze. Angetaka nijue, angeniambia.

Hashimu aliikata simu akalia kama mtoto. Afadhali angetukanwa. Kumbe hata kwa baba yake, Ikram alikuwa bado anamsitiri.

Akaenda Mkonze mwenyewe, akakiri.

—Yaani nilimsimamisha mtoto wa watu asome ukuta? Mama Emiliana alishika kichwa. —Hashimu! Zirudie zote. Na ukae nazo mpaka uzijue.

Alikaa nazo. Alitenganisha leya, akapima umbali wa nukta na nukta, akasubiri chapa ya chuma kutoka Dar. Kila asubuhi kabla ya kufungua ofisi alifumba macho akajifunza kusoma, kidole kikigugumiza herufi kwa herufi. Boksi la kwanza alimtumia Ikram, na mtandaoni akaandika ukweli wote. Waliompongeza wakamtukana. Aliona ni haki yake.

Ujumbe wa Ikram ulikuja baada ya wiki: “Nimelisoma. Safari hii maneno yapo. Watoto wamelishindania mpaka limechanika. Nimekusamehe, Hashi, kwa moyo wote. Ila kurudi siwezi, nisije nikawa napapasa kila neno lako.”

Mwaka uliofuata, mchana mmoja, mgeni aliingia ofisini Makole. Kijana mpole, shati limepigwa pasi.

—Naitwa Ibrahimu. Nataka kadi za harusi, na ziwe na nukta nundu. Mchumba wangu haoni, na wageni wake wengi hawaoni.

—Karibu kaka. Nani kakuelekeza kwangu?

—Yeye mwenyewe. Kasema Dodoma hii hakuna anayezijua nukta kama wewe. Nikamuuliza, una hakika? Akasema, kwa hilo ninamwamini.

Hashimu hakuuliza jina la bibi harusi. Ibrahimu alimpa karatasi yenye jina analolijua, naye akaliandika lilivyo, akaliweka kwenye leya yake, akapima nukta moja moja. Hakukosea hata moja.

Jioni simu ikaita.

—Hashimu mdogo wangu, hizi nukta za kadi, nizichape au nizisukume?

—Zisukume, kaka Batho.

—Itachukua siku nne.

—Nitasubiri, alisema Hashimu.