Kunde za Kilimani

Kila siku baada ya shule, Chiriku alivua sare, akafua soksi, kisha akampelekea shangazi yake chakula maabarani. Nyumbani walimpa jina hilo kwa kuwa alisema bila kupumzika. Lakini siku za karibuni alikuwa kimya.

Shangazi alikuwa mkemia. Kwa mwezi mzima alichunguza kunde mwitu za kilimani ambazo bibi alizitumia tangu ujana wake kuoshea vidonda. Alizisaga, akazichemsha, akachuja maji yake na kuyadondosha kwenye visahani vyenye vijidudu, aone kama vitakufa. Leo Chiriku alimkuta ameegemea meza, macho mekundu kwa uchovu.

"Mara ya tatu hii," alisema shangazi, akisukuma kisahani kando. "Vijidudu vimestawi kama bustani. Kesho naandika kwamba kunde hizi hazina kitu."

Bibi, aliyekuja kusikia majibu, alikuwa ameketi karibu na mlango. Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa nguo.

"Basi, mwanangu," alisema polepole. "Labda miaka yote hiyo vidonda vilipona vyenyewe, nami najisifu bure."

Chiriku aliweka chakula mezani bila kumtazama bibi.

"Na wewe je, umemeza ulimi?" shangazi alimuuliza.

"Shangazi, hizo si za kilimani." Machozi yalimlengalenga. "Siku ile uliyonituma kuzichuma nilichoka, na jua lilikuwa kali. Nikachuma za kando ya barabara, maana maganda yanafanana. Halafu nikaandika 'kilimani' kwenye mfuko."

Shangazi alijibwaga kitini. "Mwezi mzima," alinong'ona. Hakufoka, na hilo lilimuuma Chiriku zaidi.

Jumamosi walipanda kilima wote watatu, bibi akisimama kuvuta pumzi kila baada ya hatua chache. Ndiye aliyewaonyesha tofauti: za kilimani zina majani yenye vinyweleo, za barabarani ni laini. Chiriku alichuma hadi vidole vikamuuma.

Wiki iliyofuata, shangazi aliwaita. Kisahanini, kuzunguka kila tone, palikuwa na duara safi lisilo na kijidudu hata kimoja.

"Si niliwaambia!" bibi alicheka.

"Bado si dawa, mama," shangazi alisema, akipiga miayo. "Kinachoua vijidudu kinaweza kumdhuru na mtu. Lazima nijue ni kemikali gani, na kiasi gani ni salama. Hiyo ni kazi ya miaka." Kisha akamgeukia Chiriku. "Kuchoka si kosa, mwanangu. Ungesema umechoka, ningekwenda mwenyewe kesho yake. Lakini ulipoandika uongo kwenye mfuko, kila nilichopima baada ya hapo kikawa uongo, ingawa nilipima kwa uaminifu. Na aliyekaribia kuonekana mwongo ni bibi yako."