Maziwa Bila Mtoto

Kila asubuhi, kabla ya kushuka pwani ya kisiwa cha Chole, Mwanahalima alimeza kidonge kimoja kwa siri. Mumewe, Ukasha, alikuwa mvuvi. Mwanahalima mwenyewe alizaliwa Kirongwe, ndani kwenye minazi, mbali na maji. Kila alipovuka kwa mashua kwenda ng'ambo, Utende, kufua mashuka ya hoteli, roho ilimchafuka.

"Mke wa mvuvi anatapika baharini!" abiria walimcheka. "Ukasha kaoa mbuzi!"

Ndipo akajinunulia vidonge vya kichefuchefu. Kutapika kukaisha, na vicheko vikaisha. Akaendelea kumeza. Sasa ulikuwa mwaka wa pili.

Hamu ya mtoto tu ndiyo haikwisha. Hedhi yake ilikatika miezi saba iliyopita. Mwanzoni alidhani ni mimba. Akatoa kanga mpya sandukuni, akaikunja tayari kwa mbeleko. Tumbo halikukua. Kanga ikabaki imekunjwa, naye kila akipita huigusa.

Siku moja ndani ya mashua, mtoto wa jirani yake Chiku alilia kwa njaa. Mwanahalima akahisi joto kifuani. Akatazama chini. Gauni lake lilikuwa limelowa maziwa, wala si maji ya bahari.

Chiku aliona. Akamfunika kwa upande wa kanga yake.

"Shoga," alinong'ona, "unamnyonyesha nani?"

"Sina wa kumnyonyesha. Yanatoka yenyewe." Machozi yalimlenga. "Watu watasema nimezaa na jini."

"Jini gani ana shida na maziwa yako? Twende kwa nesi."

Nesi wa zahanati ya Utende aliitwa Narjis, binti wa wenye duka Kilindoni.

"Shikamoo, nesi."

"Marahaba. Mbona kanga tatu kwenye joto hili?"

Mwanahalima akazidi kujifunika kifuani.

"Sema," Chiku akamsukuma. "Nikisema mimi, naongeza chumvi."

Akasema yote. Nesi akampima mkojo. Hakukuwa na mimba. Mwanahalima akauma mdomo.

"Unatumia dawa yoyote?"

"Hapana. Labda hivi vidonge vya safari."

"Safari ya wapi?"

"Kuja Utende."

"Hapo ng'ambo tu? Kila siku?"

"Kila siku, nesi."

Nesi akapokea pakiti ya vidonge, akasoma jina lake, akavuta kiti karibu.

"Sikiliza, mdogo wangu. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama punje ya choroko. Inatoa homoni iitwayo prolaktini. Homoni ni mjumbe, hupita kwenye damu na kupeleka amri. Prolaktini huyaamuru matiti yatengeneze maziwa. Ikizidi kwa mwanamke asiyenyonyesha, maziwa huweza kutoka. Mayai yake hayapevuki. Hedhi hukatika, na mimba haishiki."

"Na kidonge?"

"Baadhi ya dawa za kichefuchefu huipandisha, na hii ni mojawapo. Si ya kumeza kila siku bila ushauri. Lakini tusikisie. Tutapeleka damu ikapimwe. Wakati mwingine sababu ni tezi ya shingo, au uvimbe mdogo kwenye tezi hiyo ya kichwani, na vyote vinatibika. Kichwa kikikuuma sana au macho yakififia, njoo upesi."

"Kwa hiyo mimi si tasa?"

"Nani kakwambia u tasa?"

"Nilijiambia mwenyewe."

Nesi akampigia daktari simu. Wakakubaliana aache vidonge. Nyumbani Mwanahalima alimweleza Ukasha kila kitu. Ukasha akamshika mkono.

"Ulijitesa hivyo kwa sababu ya kicheko cha watu wa mashua? Kesho tapika, mke wangu. Bahari kubwa, itapokea."

Majibu ya damu yalionyesha prolaktini nyingi. Wiki chache baada ya kuacha vidonge, maziwa yakakauka. Damu ikapimwa tena, prolaktini ilikuwa imeshuka. Mwezi wa pili hedhi ikarudi. Mwanahalima alilia peke yake bafuni kwa furaha.

Miezi ikapita. Ijumaa moja alikuwa uani akichuma kisamvu. Ghafla akashika ukuta, akatapika.

Ukasha akatoka mbio. "Mwanahalima! Leo hata mashua hujapanda!"

Wakatazamana. Macho ya Ukasha yakaenda mlangoni, kuelekea ndani ilikokuwa ile kanga ya mbeleko.

"Usiiguse," alisema Mwanahalima. "Tukapime kwanza."

Wakavuka. Nesi Narjis alikitazama kipimo cha mimba, akakigeuza waone mistari miwili.

Wakati wa kurudi Chole, Mwanahalima alitapika mara mbili ndani ya mashua. Abiria wakacheka. Yeye akafuta mdomo, akacheka kuwashinda wote.