Nilimsingizia Shee, Waya Ukawaka

Wasomaji wenzangu, nina miaka thelathini na minane, ni fundi wa mashine hapa Langoni, Lamu. Hadi leo nikisikia injini ikikohoa, jasho hunitoka. Niliyoyafanya niliyafanya kwa ulimi wangu mwenyewe...

Kisiwani kwetu magari ni ya kuhesabu, lakini injini zake zina kazi. Bwana Athman, mwenye boti ya abiria, alinunua injini ya petroli ya gari bovu akaniomba niigeuze isukume boti yake. Nilikata, nikachomelea, nikarefusha nyaya. Ilipowaka, watu walipiga makofi pale jetini, boti zinapofunga. Kichwa kikanivimba!

Baada ya wiki tatu ikaanza kukohoa. Silinda moja, ya tatu, ilikuwa haichomi. Bila hata kuifungua, nikamwambia Bwana Athman kwamba koili imekufa, ile inayopeleka moto kwenye plagi.

Shee, rafiki yangu tangu tukisoma Kurani chuoni kwa maalim, alikuwa fundi wa umeme. Alikuja kunisaidia. Akachukua koili ya silinda ya tatu akaifunga kwenye ya kwanza, akisema kama koili ni mbovu, ugonjwa utaifuata. Haukuifuata! Ukabaki kwenye silinda ya tatu. Akabadilisha na plagi, bado.

"Swaleh, koili haina neno," akaniambia. "Fuata ndia ya waya. Huu umepita karibu mno na bomba la moshi, yaonyesha waungua."

Waya ule niliupitisha mimi. Na Bwana Athman alikuwa amesimama palepale akisikiliza. Ningeuweka wapi uso wangu?

Nikaagiza koili mpya. Nilipokuwa nikiifunga, kumbe mkono wangu uliusogeza waya kidogo mbali na bomba, injini ikanguruma kama mpya. Nikajiona mshindi! Bwana Athman alipouliza kwa nini kazi ilichukua muda, nikamjibu kwamba Shee ndiye aliyechezea nyaya akaziharibu.

Wallahi, yalinitoka hivyo hivyo... Mji wetu ni mdogo. Haukupita mwezi, hakuna aliyemwita Shee kazini tena. Akahamia Malindi bila kuniaga. Nami nilinyamaza.

Mke wangu Zuhura alikuwa na mimba ya miezi saba, mimba ya kwanza baada ya miaka minane ya dua. Asubuhi moja alitaka kumtembelea dada yake, mpishi wa hoteli huko Ras Kitau, ng'ambo ya maji. Nikampakia kwenye boti ya Bwana Athman pamoja na wafanyakazi watano wa hoteli hiyo. Nahodha alikuwa mgonjwa, nikashika usukani mimi.

Tulipopita kijiji cha Shela, mawimbi ya bahari kuu yakaanza kutupiga. Injini ikakohoa. Ikakohoa tena... Ikazima!

Boti ikageuka ubavu, maji yakawa yanaingia. Abiria wakaanza kusoma shahada. Nikaizungusha injini, haikuwaka. Nikaizungusha tena.

"Swaleh, yanuka petroli!" Zuhura alipiga kelele. "Wacha! Wacha kwanza!"

Nilimsikia, wasomaji. Lakini kwa hofu nikaizungusha mara ya tatu. Nikaona cheche ya buluu ikiruka pale pale kwenye waya, karibu na bomba la moshi. Mpira wa kupitisha petroli ulikuwa umepasuka kwa mtikisiko. Moto ukalipuka usoni pangu!

Niliupiga kwa gunia bichi hadi ngozi ya mikono ikababuka. Nilipogeuka, Zuhura hakuwepo. Alikuwa amejirusha majini, buibui limemzunguka, hajui kuogelea. Nilipiga ukelele gani siku ile? Sijui. Mafundi wa boti wa Ras Kitau walifika na mashua yao wakamtoa, amemeza maji, hana rangi.

Jioni alijifungua mtoto wa kiume. Hakulia... Tulimzika kesho yake.

Siku ya nne Zuhura akaniuliza swali moja tu: "Shee alikwambia kuhusu ule waya?"

Ningemdanganya na yeye pia? Nikamweleza yote. Alifunga nguo zake akarudi kwa babake, Matondoni. Yuko huko mpaka sasa.

Nilikwenda kwa Bwana Athman nikasema ukweli mbele ya watu wa jetini. Kisha nikampigia Shee simu, nikaungama. Nilingoja matusi.

"Zuhura yu hali gani?" akauliza.

Hakuuliza kingine. Nilikaa chini nikalia kama mtoto.

Enyi mafundi wenzangu, na nyinyi nyote mnaoaminiwa kwa kazi yoyote, mtu akikuonyesha kosa lako mbele za watu, meza aibu hiyo. Ni chungu, lakini hupita. Mimi niliikwepa kwa kumchafulia jina mtu aliyenitakia heri, na leo kila Ijumaa hutoka msikitini nikaenda kaburini kwa mwanangu, kaburi fupi kama mkono wangu. Nawasihi, msinifuate huko.