Ua la Kwenye Pochi ya Mama

Duka la fotokopi lilikuwa limefurika watu. Muuguzi mmoja, sare imekunjamana kwa zamu, alikuwa anampa mwenye duka ua kavu, dogo kuliko punje ya mchele, alitie plastiki lisivunjike.

"Dada, usithubutu! Ile mashine italiunguza," alisema mwanamume nyuma yake, shati lake la kijani limechakaa kola.

"Wewe nani, daktari wa maua?"

"Karibu hivyo. Natambua mimea na kuibandika kwenye makaratasi. Huu mgongo uliopinda ndio mshahara wenyewe."

Muuguzi akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Ua alilikuta kwenye pochi ya marehemu mama yake, na alitaka kujua mama alilichuma wapi, maana ujana wake hakuwahi kuusimulia. Akamkabidhi ua alitambue.

Simu zikaanza, kisha mapenzi.

"Mpenzi, umekula?"

"Nimelala na viatu."

"Mvivu wangu jamani!"

Wote hoi, lakini wanapigiana.

Jumamosi moja muuguzi alimfuata kazini. Akakuta ua limeloweshwa kwenye kisahani cha maji ya moto, limefunguliwa vipande vipande kwa sindano.

"Umefanya nini?"

"Ua dogo hivi halitambuliki mpaka uhesabu sehemu zake za ndani. Nilidhani unajua."

"Ndicho kitu pekee cha mama nilichobaki nacho! Mdomo wa kuniuliza huna?"

Wiki tatu hakupokea simu. Siku ya ishirini na mbili akachoka hata kukasirika, akaenda kudai vipande vyake.

Mbandika mimea, macho mekundu, alivuta droo. Kwenye karatasi ngumu palikuwa na bahasha ndogo, vipande vyote ndani. Chini alikuwa ameandika kwa mkono: huota kwenye nyasi zenye majimaji, juu mlimani. Aliyechuma: jina la mama, kamili.

"Mama yangu huyu wa magoti mabovu? Alipanda huko?"

"Alipanda. Hili haliko popote pengine. Nilikosa kutokukuuliza. Nisamehe, mama watoto."

"Watoto gani, na posa hujaleta?"

"Nipeleke wapi?"

Muuguzi alivuta kiti, akakaa, akafuta machozi kwa kiganja. "Kwa mjomba. Ila anza na mama mwenyewe, huyo hapo."

Mwanamume alinyoosha kola, akainamia droo.

"Shikamoo, mama."