Njia Niliyoifagia

Mwanasha, jirani yangu, anasema alimwona kwa macho yake. Anasema alipanda mlimani alfajiri kumtafuta mbuzi wake aliyekata kamba. Mvua ilikuwa bado inanyesha. Akamkuta Sidonia katikati ya njia, amelowa chepechepe, ameshika jembe. Anasema Sidonia alikuwa anachimba mfereji juu ya kipande changu cha njia.

"Anachimba, huku anageuka geuka kuona kama kuna mtu," Mwanasha aliniambia. "Maji yote ya mlima kayaelekeza kwako, shoga. Ndiyo maana njia yako imebomoka na ya kwake imesimama."

"Ulimwuliza?"

"Nimwulize nini, mtu ana jembe mkononi? Nilimfuata mbuzi wangu."

Niliyaamini maneno yale papo hapo. Kwa kawaida mimi ni mtu wa kuangalia kwanza. Mume wangu, Ebenezer, hunitania kwamba nachagua fungu moja la nyanya kwa nusu saa. Lakini siku ile sikupanda hata hatua ishirini kwenda kuuangalia huo mfereji. Nilitaka yawe kweli.

Nyuma ya nyumba zetu, hapa Mkonze, kuna mlima wenye msitu mdogo wa migunga na mikwaju. Njia ya miguu inaupanda hadi kwenye mwamba mkubwa. Ukifika pale unauona mji wote wa Dodoma, na reli, na mvua ikija kwa mbali. Zamani vibarua wa serikali waliitunza njia hiyo. Walipopunguzwa kazi, ikaota miiba. Bwana Thobias, aliyekuwa bwana misitu, naye alipunguzwa, ila yeye hakuuacha mlima. Alitukusanya watu sita tuliokubali kujitolea, akamgawia kila mmoja kipande. Cha Sidonia kilikuwa juu, changu kilifuata chini yake.

Kila Jumapili, baada ya ibada, watu wa Area D, mtaa wa mjini, walikuja kutembea. Walikuwa wafanyakazi wa ofisini na wanafunzi.

"Hawafuati kuni, hawafuati mbuzi," Ebenezer alisema. "Wanapanda, wanashuka, wanasema asante. Watu wameshiba hawa."

"Na mimi je? Nami napanda."

"Wewe umeambukizwa."

Ni kweli. Nikiwa juu ya mwamba, upepo unanipiga usoni, nilisahau madumu na masufuria. Nilishuka nikiwa mwepesi.

Mwezi wa kumi na moja, Bwana Thobias alikwenda kwao Chemba kulima. Kabla ya kuondoka alituambia, "Nikirudi nitachagua mmoja wenu awe anawaongoza wageni wa Jumapili. Nitaangalia njia. Sitaangalia cheti."

Nilijua cheti hicho ni cha nani. Mimi na Sidonia tulisoma darasa moja hadi la saba. Majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari yaliposomwa, lake lilisomwa. Nilisubiri langu mpaka mwalimu akaikunja karatasi. Yeye alimaliza kidato cha nne, akarudi anaongea na wageni kwa Kiingereza. Walimzunguka, wakacheka naye. Mimi nilisimama pembeni na ufagio wangu. Hata raba zake nyeupe zilinikera. Sasa palikuwa na kitu ambacho ningeweza kumshinda, na nilikitaka hadi kikaninyima usingizi.

Kwetu mwanamke anajulikana kwa uwanja wake. Ukikuta uwanja umefagiliwa hadi mistari ya ufagio inaonekana, unajua humu ndani kuna mtu. Basi nikaifagia njia. Kila asubuhi, kabla ya kumwandalia mwanangu Rose uji, nilipanda na ufagio wa vijiti. Niliondoa majani yote, nikaokota vijiwe, nikang'oa nyasi za kando. Baada ya wiki tatu kipande changu kilikuwa cheupe kama uwanja wa kanisa. Wapita njia walinisifu.

Cha Sidonia kilikuwa na majani makavu, na nyasi zimeota kingoni.

"Msomi anaogopa kuinama," nilimwambia Mwanasha.

"Atachafua kucha," alijibu. Tukacheka.

Siku moja Sidonia alishuka akanikuta nafagia.

"Mama Rose, pole na kazi."

"Nishapoa."

"Nakuomba usifagie mpaka kwenye udongo. Naona unatifuka. Mvua ikija itauchukua."

"Kwako je?"

"Kwangu nayaacha majani."

"Sawa, mwalimu."

Alinitazama kidogo, akaenda zake. Moyoni nilisema, huyu ananionea wivu. Njia yangu inasifiwa na yake hakuna anayeitaja.

Mwaka ule ndio ule wa mvua za Elnino. Zilipoanza zilinyesha siku tatu mfululizo. Siku ya kwanza jioni nilitazama mlimani nikaona maji mekundu yanateremka kwenye njia yangu. Sikutoka. Siku ya tatu, mvua ilipokatika, nilikwenda. Palikuwa na korongo la kufika magotini. Mizizi ilining'inia nje. Nilisimama pale nikalia, na Mwanasha akanikuta hapo, akanipa ile habari ya jembe.

Jumamosi Bwana Thobias alirudi. Tukakutana chini ya mlima.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nimeona kuna korongo. Nani ananiambia habari zake?"

Nilisema mimi. "Aulizwe Sidonia. Ameonekana na jembe alfajiri, mvua inanyesha, anageuzia maji kwenye kipande changu."

Wote wakamgeukia. Bartolomayo, seremala, ndiye mkubwa wetu kwa umri ukimtoa Bwana Thobias. Alikunja uso.

"Kama ni kweli, binti, hatuwezi kukaa na wewe," alisema. "Tunajitolea hapa. Hatukuja kuharibiana."

"Nilichimba," Sidonia alisema. "Sikatai."

 Niliona midomo yake inatetemeka, na nitasema ukweli, nilifurahi.

Bwana Thobias alichukua fimbo yake. "Hatuwezi kuhukumu tukiwa huku chini. Twendeni tukaone."

Tulipanda. Mfereji ulikuwepo. Ulikata njia mshazari, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na upande wa chini ulipangwa mawe. Bwana Thobias aliniita mbele.

"Mama Rose, wewe una macho. Fuata mfereji huu, uniambie unaishia wapi."

Nikaufuata. Uliishia kando ya njia, kwenye nyasi.

"Nyasi zimelalia upande gani?"

Zilikuwa zimelazwa na maji, zote zinaelekea porini.

"Upande wa porini," nilisema.

"Si upande wako?"

"Si upande wangu."

"Basi maji ya juu yalitolewa nje kabla hayajafika kwako. Korongo lenyewe linaanzia wapi?"

Niliangalia. Lilianzia hatua kumi chini ya mfereji, mahali ambapo nilifagia zaidi.

"Hapo maji yalishakula kabla hajachimba," alisema. "Mfereji huu ulikuja baadaye, na ndio uliookoa nusu ya chini. Usingekuwepo, ule mkwaju wa kando ya njia tungeukuta umelala." Akamgeukia Sidonia. "Kwa nini hukumwambia mwenzako?"

"Nilimwambia kabla ya mvua. Aliniita mwalimu."

Mtu mmoja alianza kucheka, akaacha.

Bwana Thobias alitoa kopo la maziwa kwenye mfuko wake, akalitoboa matundu chini kwa msumari. Akachota maji kwenye dimbwi. Alilishika juu ya udongo wangu, usawa wa kiuno chake. Matone yalipopiga chini, udongo uliruka hadi kwenye suruali yake. Maji hayakuingia ardhini. Yalikimbia chini, mekundu. Akapanda kwa Sidonia, akafanya vilevile juu ya majani. Hapakuruka kitu. Maji yalipenya polepole, na machache yaliyotoka upande wa pili yalikuwa meupe.

"Mmeona?" alisema. "Majani yanapokea kishindo cha tone. Nyasi za kando zinashika udongo. Uwanja wa nyumbani ni tambarare, fagieni mtakavyo. Hapa kuna mteremko. Ukiondoa majani na vijiwe, umeyapa maji barabara."

"Kwa hiyo usafi ni kosa, mzee?" Bartolomayo aliuliza.

"Okoteni mifuko ya plastiki na chupa. Kateni tawi la mwiba linalochoma watu machoni. Majani yaacheni."

Uso wangu uliwaka. Nilisema, "Kosa la njia ni langu." Juu ya Sidonia sikusema lolote. 

Tulifanya kazi Jumamosi mbili. Kwanza tulijaza korongo kwa mawe makubwa, juu yake madogo, kisha matawi, kisha udongo, tukaushindilia kwa miguu. Tulichimba mifereji mingine minne ya mshazari. Bwana Thobias alituonyesha kuwa mfereji ukikata njia kwa kunyooka, maji husimama na kuujaza mchanga. Ukilala mshazari, maji huusafisha yenyewe yakipita. Upande wa chini tulipanga mawe na kuyazika nusu, ili mguu wa mtu usiyang'oe. Mdomo wa kila mfereji tuliuacha wazi, mbali na njia. Mwisho nilikwenda na gunia, nikarudisha majani niliyoyatupa mwenyewe. Ebenezer aliniona nikipita nalo.

"Juzi unayatoa, leo unayarudisha," alisema. "Majani haya yana nauli."

"Njoo ubebe gunia la pili, uache maneno."

Akaja. Njiani nilimweleza yote. Akasema, "Njia umeitengeneza. Jina la mtu je?"

Kesho yake nilikwenda kwa Bartolomayo nyumbani kwake, nikamwambia kwamba nilimsingizia Sidonia. Nikawaambia na wengine mmoja mmoja. Mwisho nikaenda kwa Mwanasha.

"Basi labda kulikuwa na ukungu," alisema.

"Ulisema anageuka kuona kama kuna mtu."

"Labda alikuwa anaangalia mvua. Na wewe, shoga, nilipokuambia ulinizuia?"

Nikamuaga. Kwa Sidonia mwenyewe nilishindwa kwenda. Bwana Thobias alikuwa amemchagua yeye kuongoza wageni. Wivu haukunitoka siku hiyo. Uliuma zaidi, kwa sababu sasa sikuwa na pa kuuficha. Nilimtazama akiwaambia watu wapite katikati ya njia hata pakiwa na tope, wasikanyage kingo, wasikate kona. Nilitamani sauti ile iwe yangu.

Mwezi wa pili mvua kubwa ilirudi. Nilijifunika gunia kichwani, nikapanda mbio. Nilisimama kando ya mkwaju nikatazama. Maji yaliteremka kwa nguvu, yakafika kwenye mawe, yakageuka, yakatoka porini. Yaliyobaki yalifika mfereji wa pili, yakageuka tena. Kwenye kipande changu majani yalilowa yakatulia mahali pake. Hakuna kilichobebwa. Nilikaa pale hadi nikaanza kutetemeka kwa baridi, nisitake kuondoka.

Hadi mwezi wa tatu njia ilikuwa imesimama. Nyasi zilirudi kingoni. Miche ya migunga ilichipua mahali ambapo zamani nilifagia. Jumapili moja walikuja wageni kama thelathini, wengine na watoto wao. Sidonia alitangulia. Mimi nilikaa nyuma kabisa, kuwasubiri waliochoka.

Tulipofika pale palipokuwa na korongo, Sidonia alisimama.

"Hapa maji yaliila njia," aliwaambia. "Tulikosea. Tulifagia majani yote."

Hakugeuka kuniangalia. Hakutaja mtu. Alisema tulikosea, na yeye hakuwahi kufagia hata jani moja.

Juu kwenye mwamba wageni walikaa, wakala karanga, wakaoneshana paa za nyumba zao. Walipoanza kushuka na Bwana Thobias, Sidonia alibaki. Sketi yake ilikuwa imejaa mbegu za kishona nguo. Alikaa kwenye jiwe, akaanza kuchomoa mbegu zile moja moja. Nikamsogelea.

"Sidonia."

Aliendelea kuchomoa.

"Nilikusingizia mbele za watu. Wote nimewaambia ukweli, wewe ndiye sijakuambia. Ulinionya, nikakudharau. Ulinichimbia mfereji kwenye mvua, nikakuita mharibifu. Nilikuwa na wivu na wewe tangu siku yale majina yaliposomwa. Hata leo bado ninao kidogo. Naomba unisamehe."

Upepo ulikuwa unavuma kutoka upande wa mjini. Alimaliza upande wa mbele wa sketi, akakung'uta mikono. Nyuma, asikoweza kufika, zilikuwa zimebaki nyingi. Nikachuchumaa, nikaanza kuzichomoa.

Alijigeuza kidogo kwenye jiwe, nizifikie. Hakusimama.