Baiskeli ya Kushukia Mlima

Kila asubuhi kabla ya shule, Hilda alikata majani ya ng'ombe, kisha akamsaidia mama yake kujitwika ndoo ya maziwa. Mama Hilda alishuka kwa miguu kutoka Kibosho hadi Moshi mjini. Mara nyingi maziwa yalifika yameanza kuchacha, na wateja wakanuna. Nyumbani hapakuwa na baiskeli tena. Ile ya zamani ilivunjika miaka miwili nyuma, siku Baba Hilda alipoanguka nayo kwenye mteremko wa darajani, asiamke tena.

Hilda aliliogopa daraja lile. Akipita peke yake alisikia kengele ya baiskeli nyuma yake. Akigeuka, barabara ilikuwa tupu. Alijua kwa nini. Siku moja kabla ya ajali aling'oa raba ya breki ya nyuma, aifanye kifutio cha mtihani wa hesabu. Hakumwambia mtu, na siri ile ilimla moyo.

Jumamosi moja mwaka 2001, mama alishuka naye hadi Majengo, mtaa wa Moshi mjini, kununua baiskeli. Walisindikizwa na Theopista na Flavia, wauza maziwa wenzake, waliozoea baiskeli tangu siku nyingi.

"Leo Mama Hilda hutarudi na vumbi miguuni," Theopista alitania. "Hiyo miguu ishapata likizo!"

Mbele ya duka la fundi Efraimu zilipangwa baiskeli za mitumba kutoka Ujapani, nyepesi, zenye vikapu. Mama alishika nyekundu.

"Hiyo imepinda," Hilda alisema upesi. Ya pili akasema ina kutu. Ya tatu, kiti kirefu.

Flavia akacheka. "Huyu anamchagulia mama yake baiskeli au mchumba?"

"Shikamoo fundi," Theopista alisema. "Tupe ya kushukia mlima na madumu ya maziwa."

"Marahaba. Basi hizo ziacheni, ni za tambarare. Chukueni hii nyeusi. Nzito, lakini breki zake ni za vyuma, si za waya."

Mama akaipanda. Theopista alikimbia pembeni akipiga kelele, "Usitazame gurudumu, tazama mbele!" Mama aliyumba, akanyooka, akageuza mwisho wa mtaa. Alipokuwa akirudi akitabasamu, akapiga kengele.

Hilda aliisikia kama ile ya darajani. Akakimbia, akaushika usukani kwa mikono miwili.

"Usinunue, mama! Mimi ndiye niliyemuua baba!"

Akayasema yote huku analia: raba, kifutio, mtihani. Mama alishuka polepole, akaketi kwenye benchi la fundi.

"Baba yako aliona asubuhi ile kwamba raba haipo," alisema. "Alitaka apitie kwanza kwa fundi. Mimi nikamwambia maziwa yatachacha, shuka tu, utazuia gurudumu kwa ndala kama wenzako. Na mvua ilikuwa imenyesha." Alijifuta macho kwa kanga. "Kila ulipokwepa daraja, mwanangu, nilidhani unajua kosa langu."

Walikumbatiana pale pale, watu wa Majengo wakipita. Flavia naye alilia bila kujificha.

Theopista ndiye aliyesema kwanza. "Hilda, ulikosea kwa kuchukua kitu bila kuuliza, na mama yako alikosea kwa haraka. Lakini tazameni: mmelala nyumba moja miaka miwili, kila mtu na mzigo wake gizani. Kosa lisemwe mapema. Likisemwa, huenda likazuilika, na lisipozuilika, utapata wa kukusaidia kulibeba."

Mama alisimama, akamwekea Hilda mkono begani.

"Nainunua hii nyeusi," alisema. "Na kila asubuhi wewe ndiye utakayekagua breki. Ukisema hapana, sishuki, hata kama maziwa yote yatachacha."

Hilda akapiga magoti vumbini, akaanza na gurudumu la nyuma.